Herufi 160 na lawama za walimu wa insha

Ukizungumza na mwalimu wa Kiswahili, awe wa Kisumu, Kakamega au Bungoma, hutakaa muda mrefu kabla hajakuonyesha insha yenye "cjui" na "xaxa", isiyo na aya wala nukta, huku akiilaumu simu. Lalamiko hilo lina msingi. Hata hivyo, linamhukumu mwandishi wa simu bila kuuliza mtindo wake ulitoka wapi.

Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza mwezi Desemba 1992, na kipimo chake kilikuwa herufi 160, nafasi zikiwemo. Sasa chukua mwanzo wa barua ambao wengi wetu tulikaririshwa shuleni: "Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa buheri wa afya kama nilivyo mimi." Nimeuhesabu: pamoja na nafasi na nukta, unafika 85. Zaidi ya nusu ya meseji imekwisha na mwana hajagusia karo, na akivuka kipimo analipia meseji ya pili. Ndiyo maana salamu ndizo zilizofyekwa kwanza. Kilichozifyeka ni gharama, wala si utovu wa adabu. Tena Kiswahili hakikatiki kwa urahisi, kwa kuwa "hatutaonana" ni neno moja lililobeba sentensi nzima. Kijana aliyeandika "cjui", "c" ikisomwa "si" kama kwa Kiingereza, alilazimika kuitenga "si" ya kukanusha na mzizi wa kitenzi, kazi ya sarufi ambayo pengine ingemshinda akiulizwa darasani. Lakini nikiri kwamba "xaxa" ina herufi nne sawa na "sasa". Hapo hakuna kilichookolewa. Ni mbwembwe tu, na mwalimu ana haki ya kuikata kwa kalamu nyekundu, hasa leo ambapo WhatsApp haihesabu herufi kwa shilingi.

Jambo lisilotajwa ni wingi wa watu ambao simu imewarudisha kwenye maandishi. Msiba ukitokea, kikundi cha matanga huundwa usiku uo huo, na kwa kuwa kikundi kimoja cha WhatsApp, kilichokuwa na kikomo cha watu 256 mwaka 2016, tangu 2022 kinaweza kubeba watu 1,024, ukoo mzima huenea. Kila anayechanga hunakili orodha, huongeza nambari, jina na kiasi chake chini, kisha huirudisha. Wawili wakifanya hivyo kwa wakati mmoja, nambari 17 hujitokeza mara mbili na jina la mmoja wao hupotea katika nakala inayofuata. Hapo ndipo mama muuza omena wa soko la Kibuye, Kisumu, ambaye pengine hakuwa ameandika sentensi kamili tangu aache shule, huandika: "Samahani karani, jina langu limeachwa, na pesa nilituma saa mbili asubuhi." Ombi la radhi, dai na ushahidi, vyote katika mstari mmoja, mbele ya ukoo mzima. Mtahini wa insha ya kiuamilifu, ile ya barua na ripoti, angetaka nini zaidi? Wengine katika kikundi hichohicho huandika Kidholuo au Kiluhya, lugha ambazo shuleni waliziacha katika madarasa ya chini.

Hasara ipo, nami sina utetezi wa kuikinga. Katika kikundi kilekile utakuta "poleni" sitini zilizofuatana, nyingi zikiwa na mikono ileile miwili iliyokunjwa kwa dua, wala hakuna hata moja inayomkumbuka marehemu kwa jambo alilolitenda. Barua ya rambirambi ilimlazimu mtu akae chini, atafute neno. Alama mbili za buluu, zinazomwonyesha mwenzako kwamba umesoma, hazikupi nafasi hiyo.

Na tangu WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti mwaka 2013, hata kuandika kwenyewe kunaweza kurukwa. Shangazi yangu wa Butere hunitumia sauti ya dakika saba, na dakika mbili za mwanzo huwa ni salamu tupu: ananiuliza hali, anawataja watoto mmoja mmoja, anaipitia mvua na ng'ombe, ndipo aje kwenye neno lake. Zile herufi 85 zimerudi zote, na nyongeza juu. Mimi, niliyesoma na ninayejua kupanga aya, humjibu kwa emoji ya kidole gumba.