Kigari cha Roboti Kifundishwe Kuijua Tuktuk

Wazazi wanaoniuliza kama wawanunulie watoto vile vigari vya roboti vya kujifunzia programu, nawajibu: nunueni, na bei ikiwalemea, changeni nyumba mbili tatu. Ombi langu ni moja tu. Kigari kisiishie kufanya yale kilichokuja nayo kwenye boksi.

Kwa asiyekijua, ni chasi yenye magurudumu, mota ndogo, betri, sensa (kihisi) ya kupima umbali na kamera mbele, vyote vikiongozwa na bodi ndogo ya kielektroniki kama Arduino, ESP32 au Raspberry Pi. Mtoto huanza kwa kupanga vipande vya amri vya rangi, mtindo uliozoeleka kupitia programu ya Scratch ya chuo cha MIT cha Marekani tangu 2007, kisha akahamia Python, lugha ya programu inayoandikwa kwa maneno. Kosa la programu analiona papo hapo, maana gari linagonga ukuta. Hata hesabu ya darasani inapata kazi: sensa hutoa sauti tusiyoisikia, ikangoja mwangwi, na programu huzidisha muda huo kwa mwendo wa sauti, takriban mita 340 kwa sekunde, kisha ikagawanya kwa mbili, kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, ikapata umbali.

Kwenye kamera ndipo penye jambo lenyewe. Modeli nyingi za akili unde (programu zinazojifunza kutokana na mifano) za kutambua vitu, zinazopatikana bure, zimefunzwa kwa hazina ya picha iitwayo COCO, iliyotolewa 2014. Orodha yake ya kawaida ina aina 80 za vitu. Ukiipitia utakuta ubao wa kutelezea thelujini, gongo la besiboli, donati na dubu. Tuktuk hamna. Mkokoteni hamna. Mbuzi hayumo, wala punda, ingawa punda milia yumo! Sasa kielekeze kigari chenye modeli hiyo kwenye barabara ya Mwembe Tayari, Mombasa. Tuktuk ikipita, huenda kikaiita gari, au pikipiki, au kikanyamaza kabisa. Modeli huchagua katika majina iliyopewa, basi.

Mtoto akifika hapo, tafadhali asiambiwe kuwa mashine imeharibika. Aelezwe kwamba kuna watu waliokaa wakachagua vitu vya kutajwa, na mtaa wake haukuwamo katika hesabu yao. Kwangu mimi hilo ni somo kubwa kuliko kukifanya kigari kifuate mpira mwekundu sakafuni, na linamfaa hata mtoto ambaye hatakuwa mhandisi.

Kisha apewe kazi. Apige picha za tuktuk asubuhi na jua la saa sita, kwa mbele na kwa nyuma, tupu na iliyobeba godoro. Apige mikokoteni ya Marikiti. Azipange kwa majina ya Kiswahili na kuifunza modeli yake. Teachable Machine ya Google, iliyoanza 2017, inamwezesha kufanya hivyo kwenye kivinjari kabla hajajua kuandika programu. Atakosea, na makosa yake yatakuwa na faida. Akipiga tuktuk zote steji moja yenye ukuta wa buluu, modeli inaweza kuukariri ukuta, na kigari kikasimama mbele ya kila kitu cha buluu. Hapo ataelewa mwenyewe kwa nini picha mchanganyiko zinahitajika. Na afunzwe adabu ya kazi hii pia: hamali aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na heshima ya mtu ilikuwapo kabla yake.

(Betri za lithiamu zichajiwe mbele ya mtu mzima. Hili sina mjadala nalo.)

Vilabu vya shule navyo vina kazi. Mashindano ya kigari kipi kina mbio yanafurahisha, lakini natamani tushindanie kigari kipi kinautambua mkokoteni na kusimama kabla ya kuugonga. Boksi moja linatosha watoto wanne wakigawana kazi: mmoja nyaya, mwingine programu, wawili picha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, na vijana wanaokutana kwenye kituo cha Swahilipot karibu na Fort Jesus, wanaweza kuzikusanya picha hizo mahali pamoja, nyuso na nambari za magari zikiwa zimefichwa, ili shule ya Likoni itumie zilizopigwa Kongowea. Tuanze na tuktuk, kwa kuwa ziko kila kona. Za punda tutawaomba wenzetu wa Lamu.