Pleti ya klachi ya dragi iache ife

Kuna kijana mwenzetu yuko Texas, siku za wikiendi anakimbiza Mustang yake kwenye dragi, yaani mbio za robo maili iliyonyooka, kuanzia gari likiwa limesimama. Alinipigia simu na ombi moja: "Kaka, nitafutie pleti ya klachi isiyokufa," ile inayosuguana ili kuunganisha injini na gia boksi. Nikacheka, akanuna. Anajua nimezeekea chini ya malori, na kwenye lori pleti nzuri ni ile unayoifunga ukaisahau. Hakuelewa kwa nini fundi wa malori acheke neno "kudumu".

Nilicheka kwa sababu gari la dragi linaitaka klachi kazi nyingine kabisa. Taa ikiwaka kijani, injini iko labda mizunguko 6,000 kwa dakika na shafti ya gia boksi imesimama tuli. Ile tofauti lazima imezwe mahali, na ikimezwa inageuka joto. Ukifunga pleti inayong'ata papo hapo, tofauti haitoweki: inahamia kwenye tairi, na kama tairi ni sliki, zile laini zisizo na michirizi zinazoshika lami kama gundi, inahamia kwenye gia boksi au ekseli. Mimi mwenyewe niliwahi kumfungia mtu pleti ya vipande vya seramiki kwenye gari lenye sliki. Tulijisifu sana njiani. Mara ya tatu kuondoka, shafti ya gia boksi ikakatika kama muwa, na pleti tukaitoa haina hata mkwaruzo. Ile ndiyo "imara" ninayoiogopa.

Kwa hiyo pleti naichukulia kama fyuzi, na swali langu ni je, inavumilia kuteleza kwa kiasi gani kabla haijaharibika vibaya. Pleti za kawaida, zile za nyuzi na gundi, zinaondoka taratibu na kwa upole, ila gundi ikiungua umekwisha, harufu yake kila aliyewahi kupanda mlima na gari bovu anaijua. Kevlar ni laini zaidi na inakaa sana barabarani; ikipata joto kupita kiasi uso wake unang'aa kama kigae na kuanzia hapo inateleza tu. Kwa dragi siichukui. Seramiki iliyochanganywa na unga wa shaba inastahimili moto vizuri, lakini ina hasira: inashika au haishiki, katikati hakuna.

Mimi napigia kura pleti za unga wa chuma uliokandamizwa na kuokwa bila kuyeyushwa. Hizo ndizo zinazotumika hata kwenye Top Fuel, yale magari marefu yanayovuka kilomita 530 kwa saa. Magari hayo hayana gia za kubadilisha: klachi yenye pleti tano au sita inaachwa iteleze kwa makusudi, ikibanwa hatua kwa hatua hadi inashikana moja kwa moja. Mbio nzima haifiki hata sekunde nne. Wakirudi hemani wanaifungua na kubadilisha pleti, kwa sababu zimeshaliwa, na vibati vya stili vilivyo katikati yake wakati mwingine vimepinda kama bati la paa lililoungua. Hakuna anayelia. Sharti la pleti hizi ni kwamba uso zinaosuguana nao uwe wa stili, na usiziache ziteleze muda mrefu kupita kiasi, maana zinaweza kulehemeka na jirani zake.

Halafu acheni ile tabia ya kutatua kila kitu kwa presha pleti, ile inayoibana pleti ya klachi, yenye springi kali. Nguvu ya klachi inatokana na mbano, msuguano, upana wa pleti na idadi ya nyuso. Ongeza pleti ya pili na umezidisha nguvu mara mbili kwa springi zilezile. Ukikaza springi badala yake, utaumiza goti lako na zile wosha zinazozuia krenkishafti, shafti kuu ya injini, isisogee mbele na nyuma.

Sasa, pesa ya kudumu iweke wapi? Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini ambalo pleti inabanwa nalo. Hapo ndipo sitaki kusikia neno "nafuu". Flaiwili ya kiwandani kwenye magari mengi ya zamani ni ya chuma cha kumimina, kinachosuguana vizuri lakini kinapasuka bila kuonya. Nguvu inayojaribu kuichana inakua kwa mraba wa mwendo: ukitoka mizunguko 6,000 ukaenda 9,000, umeizidisha mara mbili na robo. Ongeza nyufa ndogo za joto usoni, na unachozungusha mbele ya miguu yako ni bomu. Chagua ya stili iliyochongwa kutoka bonge moja, au ya alumini yenye bamba la stili pale pleti inapogusa, na iwe na muhuri wa SFI 1.1 au 1.2, viwango vya usalama vya vifaa vya mbio. Kwa NHRA, chama cha mbio za dragi Marekani, kwa kawaida gari linalokimbia robo maili kwa sekunde 11.49 au pungufu lazima liwe nao, pamoja na kifuniko cha klachi cha SFI 6.1 kinachozuia vipande.

Masharti haya hayakuzuliwa na watu wa makaratasi. Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions kule California, gia boksi ya Don Garlits, dereva maarufu wa dragi, ililipuka palepale pa kuondokea na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Haikuwa klachi, lakini somo la vyuma vinavyozunguka karibu na miguu ni lilelile. Mwaka 1971 alikuja na gari lenye injini nyuma ya dereva, akashinda mbio za Pomona, California, na baada ya muda wote wakamfuata.

Kijana alinipigia tena juzi, amekasirika. Pleti zake za chuma zimeisha kabla ya nusu msimu.

"Gia boksi?" nikamuuliza.

"Nzima."

"Ekseli? Flaiwili?"

"Nzima. Nimeipima, haina ufa."

"Basi agiza pleti nyingine, mdogo wangu. Agiza seti mbili kabisa."

Akakata simu bila kuaga. Jioni akanitumia picha ya risiti.