Boila Ana Presha ya Kushuka

Jamani, mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia Ngamiani nikilala kifua wazi, siku moja saa kumi na mbili asubuhi nimesimama jikoni hapa Reading, makoti mawili na kofia ya sufu, namtazama boila kama mkwe aliyenuna. Rejeta za baridi kama mtungi. Si rejeta ya gari. Huku Uingereza hata nyumba ina rejeta, kila chumba na yake, na boila ndiye mtambo wa gesi unaopasha maji yanayopita humo kutia nyumba joto.

Tatizo presha. Boila ana geji kifuani, na sindano yake, akiwa baridi, inatakiwa isimame kati ya 1 na 1.5. Wangu yuko 0.3, kawasha taa nyekundu, hataki kusemeshwa. Kipimo chenyewe kinaitwa baa. Na kweli ni baa.

Nikampigia mama, maana kwao kumekucha zamani.

"Mama, hatukulala. Boila presha imemshuka."

"Masikini! Mpe maji ya chumvi. Huyo Boila ndiye mwenye nyumba?"

Mama hakukosea sana, dawa ni maji kweli, ila bila chumvi. Chini ya boila pana kibomba kilichosukwa kwa waya, koki huku na koki huku. Unazifungua taratibu, maji yanaingia, sindano ikikaribia 1.5 unafunga. Dakika moja tu, kwa mtu anayeangalia anachofanya. Mimi nilikuwa bado namweleza mama kwamba Boila si mtu. Kugeuka, sindano iko 3! Ikifika hapo boila hutapika, tena nje, kupitia bomba la shaba ukutani. Jirani alikuwa anatoa pipa la taka. Akayatazama maji, akanitazama mimi dirishani na kofia yangu, akasema habari za asubuhi, akaenda zake. Miaka sita tunaishi ukuta kwa ukuta, hatujawahi kuongea kirefu kama siku ile.

Basi ikawa ndiyo ada: alfajiri namnywesha, mchana anatapika, usiku anashuka. Mke wangu akasema ita fundi. Na fundi si yeyote tu. Mitambo ya gesi huku haiguswi na asiye na kadi ya Gas Safe.

Kaja, kafungua, kagonga gonga. Akasema ndani mna kopo lenye ngozi ya mpira katikati, upande mmoja maji, upande mwingine upepo. Maji yakipata moto yanavimba, upepo unayapisha. Upepo wangu umekwisha, ndiyo maana akipata moto presha inaruka, anamwaga, akipoa hana kitu.

"Sasa tunafanyaje?"

Akayapunguza maji, akaenda kwenye gari, akarudi na pampu. Pampu ya mguu! Akachomeka kwenye mdomo uleule wa tairi, akaanza kukanyaga.

Mimi natoka Tanga, mji wa baiskeli. Kwetu kila kona kuna kijana na pampu yake, unajaziwa upepo kwa bei ya andazi, na siku nyingine bure kwa sababu anamjua shangazi yako. Nimepanda ndege kuja kujaziwa upepo kwa paundi 95. Risiti ninayo.

Jioni mama akapiga.

"Boila anaendeleaje?"

Nilikuwa nimechoka kubishana. "Hajambo, mama. Fundi kamtia upepo."

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.

"Mgonjwa wa presha," akasema, "mnamwitia fundi?"