Mwasumini wa bibi
Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema sisi wa mjini tunapanda bustani ili kupunguza gharama za mboga. Kuna ukweli, lakini si wote. Mchicha wangu wa kwenye viroba, hapa Tanga, nauchuma baada ya wiki tatu au nne na hela kidogo inabaki, sikatai. Lakini mwasumini alioniachia marehemu bibi hauliwi, na ndio ninaoumwagilia kwanza kila alfajiri. Alasiri nachuma matumba yake yangali yamefumba, meupe, magumu kidogo vidoleni. Nayatia kwenye kisahani chenye maji, na baada ya magharibi yanafunguka, chumba kizima kinanukia kama vile bibi yupo. Kuna mwingine hapa ana mti wa kurithi asioweza kuuacha ufe?