Mashindano ya Runingani na Kipimo Kimoja cha Kipaji

Mjadala kuhusu vipindi vya mashindano ya runingani, uwe Kaloleni au Sakina, mitaa ya Arusha, hauchelewi kuangukia kwenye maadili: mavazi, lugha, na vijana wa kike na wa kiume kuishi nyumba moja mbele ya kamera. Hoja hiyo ni ya siku nyingi. Mwaka 2003, Big Brother Africa, shindano la washiriki kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliofungiwa nyumba moja, ilipoanza na Mtanzania Mwisho Mwampamba akamaliza wa pili, Bunge la Malawi lilitaka matangazo yake yasitishwe. Lakini Mtanzania Richard Bezuidenhout alishinda mwaka 2007, kisha Mtanzania mwenzake Idris Sultan mwaka 2014 akapata dola 300,000, na wote wawili tukawaita wetu bila kusita. Msimamo unaolegea mara tu bendera inapopepea hauwezi kuwa msingi imara wa hoja.

Athari inayostahili kutazamwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye usaili. Bongo Star Search, shindano la kusaka waimbaji chini ya Rita Paulsen, imefanya jambo ambalo studio za Dar es Salaam hazikulifanya: imewafuata vijana mikoani, Arusha ikiwamo, na kumpa nafasi kijana asiyemjua prodyuza yeyote. Mwimbaji Peter Msechu, aliyepitia shindano hilo, hakutwaa taji, lakini jina lake limedumu. Hilo ni jema, na anayelibeza huenda hajawahi kutafuta nauli ya kwenda kurekodi wimbo mmoja.

Hata hivyo, mlango huohuo una kipimo kimoja. Mshiriki huimba kwa muda mfupi, mara nyingi wimbo wa msanii mwingine, kisha anahukumiwa papo hapo. Arusha ilijijengea heshima katika hip hop kwa njia tofauti kabisa. X Plastaz, kundi la huko, walichanganya mashairi ya kufokafoka na uimbaji wa Kimaasai, na ladha hiyo ilikomaa miongoni mwa wenzao, ikafika hadi Ulaya. Sioni jaji ambaye angeielewa kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, anayekosea hurushwa hewani ili achekwe, na watazamaji wachanga huzoea kuona fedheha ya mtu kama burudani. Kura za ujumbe mfupi nazo humpendelea mwenye ndugu wengi wenye vocha, ingawa hilo ni dogo.

Je, mashindano yenyewe ndiyo mabaya? Maisha Plus inanizuia kusema hivyo. Kipindi hicho kiliwaweka vijana kijijini, walime na wapike kwa kuni, na baadaye kikawapokea wanawake wakulima wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula lililoendeshwa na shirika la misaada la Oxfam. Hapo mshiriki alipimwa kwa kazi aliyoizoea, na mtazamaji akajifunza kitu kuhusu shamba. Kwa hiyo lawama ziwaendee waandaaji kwa uchaguzi wao wa kipimo, na wangeweza kuanza na jambo jepesi: kutorusha usaili wa aliyeshindwa bila ridhaa yake, iliyotolewa baada ya kujiona kwenye picha zilizohaririwa.