Mkoba wa Kaskazi na Hesabu ya Chumvi

Kila ifikapo Juni, mitandao hujaa orodha za vifaa vya kiangazi: visu vya kukunja, tochi za mfukoni, chupa za maji, mahema mepesi na viatu vya kupandia milima. Wanaoziandika wengi wako Ulaya na Marekani, na kwao Juni ndiyo joto. Kwetu Mombasa mwezi huo tumo ndani ya kusi, bahari imechafuka, na asubuhi nyingine mtu hulitafuta sweta alilolisahau tangu mwaka jana. Joto letu ni la kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, wakati vipimo vya mchana hufikia nyuzi 32 au 33 za Selsiasi na hewa imejaa unyevu hata jasho halipati pa kwenda. Nimezifuata orodha hizo kwa miaka, nikanunua na nikatupa, na nimebaki na rai moja: kifaa cha kubeba katika mji huu hupimwa kwa chumvi kwanza. Wepesi, ukali, bei na umbo la kupendeza vyote husubiri zamu yao.

Ninakaa Likoni na kazi yangu iko kisiwani, katika ghala la mizigo, kwa hivyo huvuka kwa feri asubuhi na kurudi jioni, na siku za mapumziko hupenda kushuka mwambani maji yakishatoka. Vitu vyangu haviishi siku moja bila kupigwa na upepo wa bahari, na visipopigwa na upepo huo basi hulowa jasho langu mwenyewe, ambalo nalo ni chumvi.

Somo lenyewe lilinijia kwa njia ya aibu. Nilinunua kile kifaa chenye mambo mengi ndani yake, plaisi katikati, visu na bisibisi pembeni, kutoka kwa muuzaji aliyeniapia kwamba ni chuma kisichoshika kutu. Jumapili moja ya bamvua, maji yakitoka mbali, nilikwenda nacho mwambani Nyali, nikakitumia kukata mshipi uliojisokota kwenye jiwe, kisha nikakitia mkobani pamoja na kikoi kilicholowa maji ya bahari na kuutundika mkoba nyuma ya mlango. Jumamosi iliyofuata plaisi haikufunguka. Kwenye maungo palikuwa na unga wa rangi ya binzari, na bapa la kisu lilikuwa na vidoa vidogo vyeusi, kila kimoja kimechimba tundu la kadiri ya ncha ya sindano. Nilikiroweka katika mafuta ya taa siku mbili, na kilipofunguka kilitoa mlio uliomfanya paka atoke nje.

Muuzaji yule labda hakusema uongo. Jina lenyewe ndilo linalowapa watu matumaini kupita kiasi. Chuma kisichoshika kutu ni chuma kilichochanganywa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, nayo ikikutana na oksijeni hufanya utando mwembamba usioonekana kwa macho, unaokinga chuma kilicho chini yake. Maji ya mvua hayauwezi utando huo. Chumvi ya bahari huuweza, kwa sababu kloraidi iliyomo hutoboa palipo dhaifu, na tundu likishapatikana kutu huchimba kwenda ndani badala ya kutambaa juu mahali pa kuonekana. Pabaya zaidi ni penye nafasi nyembamba isiyopita hewa, kama yale maungo ya plaisi yangu, kwa maana utando ukishatoboka pale hauna oksijeni ya kujiziba. Kwa hiyo kifaa chenye vipande ishirini vilivyobanana, ambacho mwandishi wa Ulaya hukisifu kwa wingi wa kazi zake, mimi hukihesabu kuwa na nyufa ishirini za kusuuzwa.

Kisu ninachobeba sasa ni kidogo, chekundu, cha Victorinox, na kina vitu vinne tu ninavyovitumia kwa hakika: bapa, mkasi, kifungulia kopo na koleo dogo la kung'olea miiba. Napenda habari ya jina lake. Karl Elsener alifungua karakana yake Uswisi mwaka 1884, baadaye akaiita kwa jina la mamake, Victoria, na mwaka 1921 likaongezwa neno inox, ambalo kwa Kifaransa ni ufupisho wa hicho hicho chuma kisichoshika kutu. Inachekesha kidogo kwamba nchi isiyo na hata ukingo mmoja wa bahari ndiyo iliyonitatulia shida ya pwani. Bapa lake halizidi urefu wa kidole changu cha kati, jambo ambalo lina faida yake hapa mjini: mlangoni mwa jengo moja askari aliwahi kukitoa mkobani, akakifungua, akaujaribu mkasi kwenye ukucha wake, akanirudishia bila neno. Kikubwa zaidi ya hicho kingenigharimu maelezo.

Nina Opinel pia, kisu cha kukunja cha Kifaransa nilicholetewa zawadi, na nakipenda kwa sura kuliko vyote. Mpini wake wa mti hunywa unyevu na kuvimba, hata zikianza mvua za masika huwezi kukifungua kwa vidole. Hicho kimehamia jikoni. Spyderco, watengenezaji wa visu wa Marekani, wana visu vya jamii ya Salt, yaani chumvi, ambavyo baadhi yake vimetengenezwa kwa chuma kinachotumia naitrojeni mahali pa sehemu kubwa ya kaboni, na ambavyo mtu anaweza kuvizamisha baharini kwa amani. Sijanunua kimoja. Kisu ambacho kikianguka majini nitakilia wiki nzima sikitaki kiunoni mwangu.

Hapa sina budi kumleta ami yangu, mvuvi, ambaye anaipinga hesabu yangu yote kwa kisu kimoja. Chake kimefuliwa kwa kipande cha springi ya gari, cheusi, mpini umefungwa uzi wa nailoni, na hakina kromiamu ya kujivunia. Nilimwuliza vipi hakijaliwa, naye hukitia maji ya bahari kila siku. Akanitazama kama anayeulizwa kwa nini anakula kwa mkono wa kulia. "Mwanangu," akasema, "kisu chako chaoza kwa kukaa. Hiki hakipati nafasi ya kukaa." Kisha akanionyesha anavyofanya: maji matamu kidogo, kitambaa, mapitio matatu ya kinoo kila upande, na tone la mafuta ya nazi analolipaka kwa kidole gumba kutoka mpinini hadi nchani. Nimejaribu mafuta ya nazi kwenye changu na naona yakikaa siku nyingi bila kutumiwa hugeuka kunata, kwa hiyo kwenye maungo hutia mafuta ya cherehani, tone moja tu. Lakini ami ana haki yake. Mtu anayeshika kisu mara kumi kwa siku hahitaji chuma cha gharama. Mimi hukata utepe wa katoni ghalani, na wakati huu wa embe hukata boribo la saa nne kwa chumvi na pilipili, basi. Siku nyingine kisu hulala, na kisu kinacholala ndicho kinachohitaji inox.

Ningeambiwa nichague kitu kimoja tu, ningekiacha kisu na kuchukua kikoi. Najua baadhi ya wasomaji watasema hicho si kifaa, ni nguo, na pengine ni nguo ya kulalia. Wapande feri ya saa moja asubuhi mwezi wa Februari. Kwanza kiko shingoni, kinapangusa jasho. Tukisubiri feri itie nanga hukifunika kichwani, kwa kuwa jua letu halina mzaha: Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu na tarehe 10 Machi jua la adhuhuri husimama utosini hasa, hata mtu hukitafuta kivuli chake asikione. Mchana kikoi ni mkeka wa kukalia ukutani, jioni nikipita Kongowea ni furushi la mihogo, na Jumapili ni taulo na chumba cha kubadilishia nguo kwa pamoja. Wiki iliyopita mama mmoja alikuwa amepakata mtoto upande wa jua, leso yake ameifunga mgongoni kwa mtoto mwingine. Nilimpa kikoi akamtandia mwanawe, akanirudishia upande wa pili kikiwa na alama ya biskuti iliyotafunwa.

Orodha za ng'ambo hupendekeza taulo za nyuzi za viwandani kwa sababu hukauka upesi. Ni kweli hukauka upesi. Ila zikishakauka na chumvi ndani yake huwa kama karatasi ya msasa, na zikikaa mkobani na jasho la siku mbili harufu yake huwafukuza jamaa. Pamba nyembamba hunywa jasho, na ukiitandaza kwenye upepo wa kaskazi haichukui muda kukauka. Kasoro yake moja ni kwamba ikilowa maji ya bahari na kuachwa hivyo haikauki barabara, maana chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na hapo inakuwa ndiyo iliyokiua kifaa changu cha kwanza. Isuuzwe kwa maji matamu. Ukienda Biashara Street usinunue kile kizito cha kupendeza watalii. Kishike juu ya mkono wako uone kama kivuli cha vidole kinapita.

Chupa ya maji haina maneno mengi. Yangu ni ya chuma yenye kuta mbili, ya lita moja, na ndani hutia maji, ndimu na chumvi kidogo, kwa sababu anayetoka jasho kutwa akanywa maji matupu bado atakuwa na deni mwilini. Tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na fukwe zilizohifadhiwa, kwa hiyo anayepanda Shimba Hills kwenda maporomoko ya Sheldrick hana budi kuwa na chupa ya aina hii hata asipopenda. Mfuko wa nguo nao umo mkobani tangu Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4. Nauweka ndani ya kofia ya ukili, na kofia naiweka kichwani ninapokumbuka.

Kuhusu tochi nina onyo. Nyingi huandikwa IPX7, na muuzaji hukueleza kwamba unaweza kuogelea nayo. Maana ya alama hiyo ni kwamba imestahimili kuzamishwa mita moja kwa dakika 30, na kipimo hicho hufanywa kwa maji matamu. Mpira wa kuzibia ukishakauka chumvi huwa na punje, na punje ni njia ya maji. Kila ninaporudi baharini hufungua kifuniko, hupangusa mpira kwa kitambaa kibichi, hupaka mafuta mepesi ya silikoni. Umeme ukikatika usiku wa joto, feni zikasimama mtaa mzima, nitaihitaji iwake mara ya kwanza.

Zipu za mkoba ni mambo hayo hayo kwa udogo. Zipu ya alumini hushikana kwa ukungu mweupe, na ukiivuta kwa hasira unaondoka na kichwa chake mkononi. Nimehamia zipu za plastiki zenye meno makubwa, na kila mwanzo wa mwezi huzipitisha kipande cha mshumaa juu na chini.

Mwambani huvaa akala, zile ndara za mpira wa gari, na siku ya miamba mikali viatu vya mpira vilivyofunika vidole. Wale wadudu weusi wa baharini wenye miiba mirefu hawasikii samahani, na wazee watakupaka utomvu wa papai bichi huku wakikulaumu. Mafuta ya kukinga jua hupaka usoni tu, mwili huufunika kwa shati la mikono mirefu. Hawaii imekataza kuuza yenye kemikali ya oksibenzoni tangu 2021 kwa ajili ya matumbawe, nami naona shati ni rahisi kuliko kusoma herufi ndogo za chupa.

Kimebaki kitu kimoja ambacho bado sijakipatia ujasiri, nacho ni mwavuli. Mvua ikinyesha kila mtu anao. Jua likiwaka, katika Mji wa Kale utawaona wazee wawili watatu wakipita taratibu chini ya miavuli myeusi, makanzu yao makavu, wakati sisi vijana wa miaka arobaini tunaambaa ukutani kutafuta kivuli cha vibaraza. Niliushika mmoja Marikiti mwezi uliopita, mzito, mpini wa mti uliopinda. Nikaufungua ili niangalie mbavu zake ni za chuma gani. Zilikuwa za chuma cha kawaida, zimepakwa rangi nyeusi, na kwenye kiungo kimoja rangi ilikuwa imeshaanza kubanduka. Nikauliza kama upo wenye mbavu za faibaglasi, na muuzaji akasema nirudi Jumatatu.