Vichochoro vya Moshi havihitaji tembo mwingine

Michoro ya ukutani ikiingia mitaani mimi nashangilia. Ila nina ugomvi nayo mmoja: mingi haituchori sisi. Zunguka nyuma ya hosteli na ofisi za kupandisha watalii mlimani hapa Moshi, utakutana na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, yenye theluji, twiga, tembo, na Mmasai aliyesimama kwa mguu mmoja. Kazi nzuri, mkono wa fundi unaonekana. Lakini aliyechorewa si mama anayekatisha pale na beseni la ndizi mbivu. Kachorewa mgeni mwenye kamera. Mgeni njoo mwenyeji apone, sawa, nakubali, ila huyu mwenyeji anapona mfukoni tu.

Na huyo tembo wa madoadoa wala si wa huku. Mtindo wake ni wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za dukani. Alifariki 1972, wenzake wakaendeleza, soko la watalii likaupeleka kila kona ya nchi. Sina neno na Tingatinga. Ila kumrudia yeye kwenye ukuta wa mtaa wetu wa Kiusa hakuwi kuenzi utamaduni wa Kiusa.

Tazama hata mlima wenyewe unavyochorwa: mtupu, hakuna mtu. Wako wapi wagumu, wapagazi wa mlimani? Vijana wa Pasua na Njoro wanapanda na mizigo ya watu hadi kilo 20, hema, mitungi ya gesi na mayai ya mgeni juu ya kichwa, halafu mlima unachorwa kana kwamba umejipanda. Mimi ningetaka mgumu mmoja achorwe kwa ukubwa wa ukuta mzima, shingo imekaza, begi lake mwenyewe mgongoni na la mtalii kichwani.

Kisha masale. Mmea huu unapandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na jani lake ndilo analobeba Mchagga akienda kuomba radhi. Ukiletewa sale, kukataa kusamehe ni kazi. Sijui mchoro gani ungefaa zaidi kichochoro ambacho majirani wawili wamegombania maji ya mtaro miaka yote. Kuna mifongo, mifereji ya jadi, inayoteremsha maji kutoka juu hadi migombani, kuna kinamama wanaochambua kahawa, kuna KNCU, ushirika wa kahawa wa wakulima wadogo, iliyoanzishwa 1933. Na yupo Mangi Meli, chifu wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na viongozi wenzake. Inasemekana kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia haijaacha kukidai. Mafundi wetu wanaweza kuchora sura ya mchezaji wa Ulaya nyuma ya daladala mpaka ndevu zikahesabika. Meli atawashinda nini?

Hapo hapo nijikate kidogo, maana Moshi mjini si kihamba. Ni mji uliokua na reli ya kutoka Tanga, na Majengo au Korongoni utamkuta Mpare, Mmanyema, mtu wa pwani na Mhindi mwenye duka la tangu enzi za babu yake. Kichochoro cha Majengo kikijazwa ndizi na mbege peke yake, wenyeji watauliza hiyo pombe ni ya nani. Wachorewe treni. Wachorewe khanga, na jina lake chini lenye fumbo la kumchoma jirani. Jirani na msikiti sura za watu huenda zisipendwe, basi pawekwe nakshi na maandishi. Ndiyo maana kabla ya kununua hata brashi, unakaa na mwenye nyumba, balozi na wazee wanaocheza bao pale.

Kazi wapewe nani? Bila kusita: waandika mabango. Wale waliokuwa wanachora kichwa chenye panki kwenye mlango wa kinyozi, na kuku mzima juu ya banda la chipsi, kabla mabango ya kuchapwa hayajawanyang'anya kula yao. Hao wanajua kupiga miraba kwa chaki na kuikuza picha ndogo bila kuharibu pua ya mtu. Wanajua pia kwamba kuta za zamani hapa zinapandisha unyevu kutoka chini. Ukiipiga rangi ya mafuta juu juu, masika mawili inavimba, inabanduka kama ganda la kiazi. Lazima ukwangue, uzibe lipu, uache ukuta ukauke, upige andakoti. Fedha nyingi inaishia humo, na hakuna anayekuja kuipiga picha.

Najua kuna atakayesema tuzibue mitaro kwanza. Azibue, nitamshikia koleo. Ila kuta zetu hazijawahi kungoja mitaro: kampuni za simu zilishazipaka rangi zao kutoka msingi hadi kenchi, mwenye nyumba akafurahi kupakiwa bure. Zikija kufadhili vichochoro, nembo ikae kwenye kona ya chini, ukubwa wa kiganja. Isichomoze juu ya Kibo kama ndiyo jua.

Na lile andiko maarufu kuliko yote mjini, "Marufuku kukojoa hapa, faini 50,000"? Sidhani limewahi kumzuia mtu aliyebanwa. Mchoro nao hautawazuia wote, lakini kufungua zipu mbele ya bibi aliyekukazia macho si jambo jepesi. Mbele ya tembo, sina uhakika.

Mvua za masika zinaanza Machi. Mwenye ukuta Bondeni, Kiusa au Majengo na anayeona hoja hii ina maana, akwangue rangi ya zamani Januari, kuta zikiwa kavu, na amtafute mwandika bango wa mtaani kwake kabla hajahamia kwenye bodaboda.